Chungu Kilichoandikwa Subiri

Aliyeambiwa asubiri akasubiri, na asiye na pa kwenda akakaa, ukiwatazama kwa mbali mkao wao ni mmoja. Mikono mapajani, uso dirishani. Macho hayawatenganishi. Ukiwauliza, kila mmoja atakujibu, nipo, na hilo wala si jibu, ni mtu anajihakikishia tu kwamba mdomo wake bado unafunguka. Mize alikuwa mmoja wa wawili hao. Ni yupi, mwenyewe alikuwa hajui, na halikuwa jambo la kumnyima usingizi, mpaka pale jani moja lilipodondoka.

Jumba alilokaa halikuwa na jina. Waliomo waliliita Ndani, na kwingine kote walikuita Kule, na maneno hayo mawili yaliwatosha. Lilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba vya mbele vyenye dirisha moja moja, na vyumba vya nyuma ambavyo ukiingia unaijua asubuhi kwa kuambiwa. Siku humo hazikufuatana. Msimamizi wa Mwanga alikuwa na kapu la ukindu lililofunikwa kawa, na kila kulipokucha alitia mkono asiangalie, akachopoa siku, akapita ukumbini akiitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma majina: leo Alhamisi. Kama ni Alhamisi ya tatu mfululizo, basi, watu walikula chakula cha Alhamisi mara tatu, na aliyekuwa na ahadi ya Ijumaa aliikunja akaiweka. Kwa hiyo hakuna aliyejua umri wake. Mize aliingia Ndani akiwa na meno yote, na sasa alikuwa na meno kumi na tisa. Kalenda yake ilikuwa hiyo.

Sheria ya jumba ilikuwa moja tu: mwanga ni wa anayetunza. Kila mwenye dirisha alikuwa na mmea dirishani, na Jumamosi yoyote iliyotoka kapuni, Msimamizi alipita chumba kwa chumba, akazamisha kidole chake cha shahada kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kidole kikitoka na tope, mwenye chumba ni mtunzaji, anabaki na dirisha lake. Kikitoka kikavu, anahamia nyuma siku hiyo hiyo, na godoro lake analibeba mwenyewe. Mmea hakuuangalia. Hakuwa mtu mbaya, nawaambieni kweli. Alikuwa mtu aliyepewa kidole kimoja na madirisha mengi, na mwenye kazi ya namna hiyo hujifunza kupenda kinachopimika.

Basi kutokana na kidole kile ukazaliwa ustaarabu mzima. Watu walipanda mrehani, mwasumini, mawaridi, vitu vyenye kiu ya wazi. Na mgeni hakuingia chumba cha mwenzake na mkono mkavu. Alibisha hodi na kopo la maji mkononi, na kabla hajaketi, kabla hajaulizwa habari za huko atokako, alimimina maji yake kwenye chungu cha mwenyeji. Ndivyo walivyosalimiana. Kumkatalia mgeni maji yake kulikuwa sawa na kumwachia shikamoo ikining'inia hewani. Mtu wa hivyo waliita mkono wa birika, na hapo hawakumaanisha mchoyo wa kutoa tu. Walimaanisha mchoyo wa kupokea, ambaye ni mbaya zaidi.

Mmea wa Mize haukufanana na ya wenzake. Ulikuwa hauzidi ngumi ya mtoto. Majani yake manene yalipangika duara, moja limeegemea jingine kama watu waliokaa kusikiliza habari, kila jani limechongoka nchani, kijani kizito chenye mistari myeupe ya vipele kama mtu aliyepitisha chokaa kwa ncha ya njiti. Haukunukia. Haukutoa ua la kuweka nyweleni. Ulikua pole pole hivi kwamba Mize, aliyeutazama kila siku, hakupata hata mara moja kuuona ukikua, na wakati fulani aliwaza labda ni yeye anayepungua.

Uliachwa na Nunu. Nunu alikuwa mdogo wake, waliyenyonya naye ziwa moja, na Jumanne moja kati ya Jumanne zile, Mize akiwa bafuni, Nunu alitoka. Mize alirudi chumbani nywele zikimchuruzika akakuta ubao wa dirisha una kitu kipya: chungu cha udongo kimekalishwa ndani ya bakuli la bati, mmea umo, na ukingoni mwa chungu, juu ya mdomo wa bakuli, herufi sita zimekwanguliwa kwa msumari. Alitupa macho nje. Njiani, pale barabara inapopinda na kumezwa na kichaka cha minyaa, aliona mgongo wa Nunu na leso yake nyekundu, kisha hakuona. Akarudi kwenye herufi. Mize alisoma mpaka darasa la tatu, na mtu wa darasa la tatu hasomi neno, analipanda kama ngazi. Su. Bi. Ri.

Akaketi.

Tangu siku hiyo alikuwa ameketi. Bakuli hakulisogeza wala chungu hakukiinua, kwa kuwa alichokiweka Nunu aliona si chake kukiweka upya. Dirisha ndilo lililoonyesha kipindo cha njia, na mtu atakayerudi atarudi kwa kipindo kile kile. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: pasipo mmea hakuna dirisha, pasipo dirisha hakuna njia, na Nunu akija siku Mize yuko vyumba vya nyuma, nani atamwona akija? Atasimama pale chini, ataangalia juu, ataona uso wa mtu mwingine, ataondoka. Hilo ndilo Mize alilokuwa akilichunga. Mmea ulikuwa kamba tu, na yeye alishika ncha hii ya kamba.

Nipo. Nani kasema nipo? Chungu kimesema. Chungu kimesema subiri, na huwezi kumwambia subiri mtu ambaye hayupo.

“Hodi humu.”

Aliyepiga hodi alikuwa Kidawa, jirani wa chumba cha pili, ambaye dirisha lake lilitazama ukuta na ambaye kwa sababu hiyo alikuwa amejifunza kuchekesha. Aliingia na kopo limejaa mpaka ukingo.

“Karibu, shoga.”

“Nishakaribia. Leo nimekuletea ya kisima cha uani, yale mengine yana chumvi.” Alimimina. Maji yalizama, yakatokea chini kwenye bakuli, yakaungana na maji ya waliotangulia. “Na leo ndiyo nini?”

“Wametangaza Jumatano.”

“Tena? Huyu bwana kapu lake limeingia panya, wamekula siku nyingine zote.” Kidawa aliketi, akanyoosha shingo kutazama mmea. “Mize, hiki kitu chako kimefanya nini hapa chini?”

Mize alitazama. Majani ya chini, yaliyogusana na udongo, yalikuwa yamebadilika rangi yakawa ya kung'aa kung'aa, rangi ya tende iliyolala majini. Aligusa moja kwa ncha ya kidole. Jani lilidondoka. Halikuvunjika, kwa kuwa kuvunjika kuna sauti. Liliachia tu, na pale lilipoachia pakatoka harufu ya ubwabwa wa juzi.

“Kiu hiyo,” Kidawa alisema. “Ngoja nikuongezee.”

“Usiongeze kwanza.”

“Unanizuia maji yangu?”

“Sikuzuii. Nimesema kwanza.”

Kidawa alishikilia kopo hewani, kisha akacheka ili maneno yale yapite bila kugusana. “Haya, mama mwenye dirisha. Mimi siku zote nakwambia huyo mdogo wako alikosa herufi moja. Hiyo si subiri, ni shubiri. Jina la mti huo. Mama zetu walijipaka kwenye ziwa tulipokuwa wakubwa tukawa hatuachi, ukinyonya unakutana na uchungu unaokufikisha kisogoni. Kakuachia dawa, wewe ukakaa chini. Chungu ndani ya chungu, na wewe hukuonja hata kimoja.”

“Nunu alijua kuandika.”

“Alijua kuondoka. Kuandika hatuna hakika.”

Aliondoka na kicheko chake ukumbini. Mize alibaki na jani mkononi. Aliliminya, likatoa maji mazito, akagusisha ulimi. Hayakuwa machungu wala matamu, yalikuwa na ladha ya maji yaliyosahauliwa mahali. Si shubiri basi, aliwaza, na akashangaa kuona moyo wake haukufurahi, kwani mtu akishinda ubishi wa miaka huwa anatarajia walau kiti kisogee.

Jani la pili likadondoka bila kuguswa.

Sasa mnisikilize hapa, maana ndipo penye mlango. Kuna mapenzi ambayo mtu hukaa na kitu miaka akakihudumia, na hata siku moja asikijue kitu hicho kwa chini. Anajua uso wake wa juu, ule unaotazama mgeni. Mize aliujua mmea ule kwa kila kipele cheupe cha juu, na alikuwa hajapata kuona sakafu yake. Alikishika chungu kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake. Akakiinua kutoka kwenye bakuli, na bakuli likaonyesha ndani yake maji meusi yenye utando, maji ya salamu zote, ya kila aliyewahi kuingia akamwuliza hujambo. Chungu kilikuwa kimesimama ndani ya heshima za watu mpaka kiunoni.

Aliutoa mmea. Ulikuja bila kubisha, kama jino la mtoto. Mizizi ilikuwa imekwisha, imebaki nyuzi za kahawia zilizokatika alipozigusa. Aliposafisha kwa kisu, akikata hadi alipokutana na nyama nyeupe, mmea mama uliisha wote mkononi mwake, jani baada ya jani. Lakini ubavuni, chini ya kivuli cha majani ya mama, palikuwa na vitoto viwili, kila kimoja kadiri ya punje ya korosho, vigumu, vikavu, na mistari yao midogo myeupe tayari. Alivikata kwa uangalifu. Akavilaza juu ya kipande cha mkeka mbali na jua la moja kwa moja. Hakuna aliyemfundisha. Kidonda hakifungwi kikiwa maji, hilo kila aliyewahi kulea analijua.

Kisha akachukua chungu akioshe. Kuanzia pale ukingo wa bakuli ulipoishia kwenda chini, kilikuwa kimevaa ukoga mweupe, mgumu, ule ambao maji ya kisima huacha yanapopenya udongo na kukauka nje. Alipitisha kidole akahisi, chini ya ukoga, mikwaruzo. Akakata ndimu. Ukoga ulifoka povu, ukalegea. Akasugua kwa ganda mpaka neno la kwanza chini ya Subiri likatoka nje, naye akalipanda ngazi.

U. Ka. U. Ke.

Subiri ukauke.

Ndimu ilimdondoka. Sauti ya Nunu, ambayo alikuwa ameisahau, ilirudi yote kwa mara moja, na ilikuwa ikisema maneno hayo kwa upole: subiri wewe, mpaka ukauke wewe. Alitazama mikono yake. Ilikuwa imekauka. Alihesabu meno kwa ulimi. Basi ameniapiza, aliwaza, na mimi nimetii. Nimekuwa mtoto mwema wa laana.

Ni nini kinachokauka kikaendelea kukaa? Kamba. Mkeka. Chumvi. Mtu aliyeambiwa. Na kama nimekauka, nimemaliza, mbona hakuna aliyenijulisha? Kuna mtu anayepita kuwaambia waliosubiri kwamba kusubiri kumeisha, au mpaka useme mwenyewe, na ukisema mwenyewe itahesabika?

Hakulia. Aliiokota ndimu kwa sababu ilikuwa bado na maji na ilikuwa imeletwa kwa kazi. Ukoga ulikuwa bado umefunika chini. Akasugua. Mstari wa mwisho ulikuwa mrefu, na ukuta wa chungu pale ulikuwa umeanza kumung'unyika, ikambidi aupande ule mstari kwa kurudi nyuma mara mbili.

Ndipo utie maji.

Alisoma tena kuanzia juu. Subiri ukauke ndipo utie maji. U ile haikuwa wewe. Ilikuwa udongo.

Mwanga ulikaa ulipokuwa. Nje njia ilipinda palipopinda. Nunu hakumwambia asubiri Nunu. Nunu alimwachia namna ya kutunza mmea, maneno matano ya mtu anayeondoka kwa haraka, na bakuli la bati likameza maneno manne kati ya matano, na maji ya marafiki yakayazika. Mize aliishi miaka ndani ya neno lililokatwa. Na ajabu yenyewe ni kwamba aliitii ile nusu kikamilifu. Kwa mtu, alisubiri bila kuambiwa. Kwa mmea, aliambiwa asubiri naye hakusubiri hata siku moja.

Asubuhi ilitangazwa Jumatano. Iliyofuata, Jumatano. Vitoto vilikaa juu ya mkeka. Pale vilipokatwa palianza kufanya ngozi nyembamba. Mize alitwanga mkaa ukawa chenga, akauchanganya na mchanga na changarawe alizookota uani, akaweka kigae kwenye tundu la chungu. Mlango aliurudishia.

“Hodi humu,” Kidawa alisema nje.

“Karibu, ila kopo liache hapo.”

“Hapo wapi?”

“Hapo mlangoni.”

“Mize, mimi nikuingilie mkono mkavu? Nani kafa?”

“Mmea umekufa. Vimebaki vitoto, na vina vidonda. Maji yatavioza.”

Kidawa aliingia, kopo akiwa nalo bado, amelikumbatia kifuani kama kitu kitakachotoroka. Mize akamwonyesha chungu. Kidawa alisoma, yeye alikuwa amesoma zaidi kidogo, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi kutazama bakuli.

“Ina maana ni sisi,” alisema.

“Ni salamu.”

“Ni salamu zetu sisi.” Alikaa. “Na ukumbini washaanza, nikwambie tu. Wanasema Mize kawa mkono wa birika. Bi Mgeni kasema una maringo ya dirisha, nami nikamjibu kwamba mwenye dirisha ana haki ya maringo, sisi wa ukutani tunaringa na nini.” Akashusha kopo magotini. “Jumamosi ikitoka utafanyaje?”

“Vitakuwa vimepandwa.”

“Kwenye udongo mkavu.”

“Kwenye udongo mkavu.”

“Atatia kidole.”

“Atatia.”

“Basi tia maji juu juu, shoga yangu. Kikombe kimoja. Apate tope lake aende zake, kisha uumwage udongo upande upya. Watu wangapi wanafanya.”

Mize alikuwa ameshawaza kikombe hicho. Alikuwa amekiwaza tangu Jumatano ya kwanza, na alijua uzito wake. Kikombe kimoja na dirisha linabaki. Dirisha likibaki, njia inabaki, na ingawa Nunu hakusema subiri, Nunu pia hakusema sirudi. Kikombe kile kile na ngozi ile nyembamba italowa, na vitoto vitalala kama mama yao alivyolala. Miaka yote alikuwa akidhani mmea ni kamba, na Nunu yuko ncha ya pili. Sasa aliiona ile kamba imekatika zamani na kilichobaki mkononi ni kitu hai, kidogo, kisicho na habari na Nunu, kinachohitaji jambo moja tu: asikifanyie kitu.

“Hicho kikombe,” alisema, “nitakuwa nakimwagilia kidole.”

Ilitoka Ijumaa. Akavipanda, kila kimoja upande wake. Ikatoka Jumatatu. Kisha kapu likatoa Jumamosi.

Msimamizi wa Mwanga aliingia saa nne. Alikuwa amenyoa vizuri, na kidole chake cha shahada kilikuwa cheupe na kimekunjamana kuliko vidole vingine, kama kidole cha mfua nguo, kikiwa kimezeeka peke yake.

“Bi Mize.”

“Karibu, Bwana.”

Hakutazama vitoto. Alizamisha kidole mpaka pingili ya pili, akakitoa, akakigeuza geuza mwangani. Kilikuwa na vumbi la mkaa.

“Kikavu.”

“Ndiyo, Bwana. Nasubiri ukauke.”

“Umeshakauka.”

“Udongo umekauka. Vidonda bado, mpaka Jumatatu moja au mbili, kwa kadiri kapu litakavyopenda.”

“Sheria haina kidonda, Bi Mize. Sheria ina kidole.” Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekuambia urefu wa chumba. “Nani kakwambia usitie maji?”

Mize alikigeuza chungu. Msimamizi aliinama, akasoma kwa sauti ile ile anayotangazia siku. “Subiri ukauke.” Akainua nyusi. “Aliyekuandikia hivi alikutakia mabaya.”

“Hata mimi nilidhani. Malizia.”

“Ndipo utie maji.”

Alitazama kidole chake, kile cheupe, na kwa muda mfupi sana kilionekana si chake. Kisha akakifuta kwa leso, kazi ni kazi.

“Vyumba vya nyuma. Mlango wa nne.”

“Na mlango wa mbele, Bwana? Ule wa kutokea Kule. Ufunguo anao nani?”

Alimtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. “Ufunguo wa nini? Mlango ule haujapata kuwa na kitasa.”

“Sasa mbona watu hawatoki?”

“Mrehani utamwachia nani? Siku mbili bila maji unalala, siku ya tatu ni kuni. Mwasumini ndio usiseme. Watu wana maua yao, Bi Mize.” Na alipokuwa akisema hivyo macho yake yalishuka, kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kupima, yakaangalia vile vitoto viwili katika udongo wao mkavu, vigumu, visivyomwita mtu. “Huu unakaa muda gani?”

“Sijui. Sijapata kuuacha.”

Alitoka kwenda chumba cha pili. Mize alisimama. Jambo lilikuwa limemjia, na lilikuja pole pole, kwa namna ya ule mmea, hivi kwamba asingeweza kusema ni lini lilikuwa halipo. Kati ya mimea yote ya kumwachia mtu, Nunu alichagua ule ambao mtu anaweza kuuacha. Hakuandika njoo. Njoo ni amri nyingine. Aliacha mlango wenye majani, akaandika namna ya kuufungua, akaenda.

Alichimbua kitoto kimoja, akakipangusa mchanga, akajifunga leso iliyokuwa juu sandukuni, akakifunga kwenye pindo lake kwa fundo moja lisilobana. Kitoto cha namna hiyo hakidai tone mpaka kipate udongo, na udongo uko popote. Nguo zake zilikuwa chache. Godoro aliliacha.

Kidawa alikuwa ukumbini na kopo lake.

“Wapi? Mlango wa ngapi?”

“Si nyuma,” Mize alisema. “Ingia humu. Dirisha ni la mwenye mmea, na huo uliobaki ni wako. Usikirudishe chungu kwenye bakuli.”

Kidawa alitazama ndani, penye dirisha. “Na mrehani wangu?”

“Ulete. Lakini isinywe kopo moja.”

“Mize, mimi sitoweza kukaa na kitu nisikitilie maji.”

“Soma chungu.”

“Nimeshasoma.”

“Soma kila siku. Mimi nilisoma mara moja.”

Mlango wa mbele ulisukumika kwa kiganja. Kule hakukuwa kokote hasa. Kulikuwa na njia, na jua la saa tano lililokuwa likienda mahali, jambo ambalo Mize alikuwa amelisahau, kwamba jua huenda. Alitembea bila haraka. Magoti yalilalamika kidogo, kisha yakazoea. Pindo la leso lilimgongagonga pajani kwa uzito wa korosho moja. Alipofika kwenye kipindo, penye minyaa, alisimama akageuka, kwa kuwa alitaka kuona alichokiona Nunu siku ile, kama Nunu aligeuka.

Jumba lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Madirisha yote yalikuwa na kijani. Katika lile lililokuwa lake palikuwa na mwanamke amesimama, kopo kalishika juu ya chungu, kaliinamisha kidogo, na kutoka pale mbali Mize aliona, au alijua, kwamba hakuna tone lililodondoka. Alikuwa Kidawa, ila kwa mbali alikuwa na sura ya Mize mwenyewe wa miaka ile. Mikono mikavu, uso dirishani.

“Nunu!” yule wa dirishani aliita.

Mize alitazama nyuma yake. Njia ilikuwa tupu. Akatazama leso aliyoivaa, ile aliyoichukua sandukuni pasipo kuchagua, na ilikuwa nyekundu.

Hakumsahihisha. Dirishani kopo lilisimama wima pole pole, na yule mwanamke, asijue la kufanya na maji aliyoyabeba miaka yote, akayanywa.